Kinachobaki kwenye Mpira

Kazini kwangu kuna ngoma ya chuma,
kipenyo mita mbili, haijawahi kuchezewa harusi.
Juu yake tairi hushushwa, hukandamizwa kwa tani tatu,
kisha hukimbia siku nzima pasipo kwenda popote.
Nje ni Kajaani, Februari, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Ndani ni mimi, Tellervo, na kahawa iliyopoa, na namba.

Mpira ni mkopaji wa ajabu.
Mbonyeze, anapokea. Mwachie, anarudisha,
ila harudishi vyote: mpe kumi, utapata nane na kitu.
Hicho kitu hasemi kakipeleka wapi.
Mguse shavuni, utajua.
Kila mzunguko tairi linabonyea likikutana na barabara,
linafura tena likiachana nayo,
na katika kubonyea na kufura huko
dizeli ya watu inateketea
bila moshi, bila mwali, bila risiti.

Baba alilijua hili bila ngoma.
Miaka thelathini na minne alivuta magogo kutoka Kuhmo,
na kila aliposimama kupumzika alivua glavu,
akalizunguka lori kama daktari wodini:
kiganja kwenye tairi la kwanza, la pili, hadi la ishirini na mbili.
Lenye homa kupita wenzake aliliongeza upepo.
"Huyu ananila," alikuwa akisema.
Hakusema linakula mafuta. Ananila.
Mama alicheka: "Baba yenu barabarani anapapasa mipira,
nyumbani hata paka hamgusi."

Ni kweli. Hakuwa mtu wa kugusa.

Sasa yuko nyumba ya wazee, sakafu ya zulia,
ukumbi wa mita sitini toka mlangoni pake
hadi dirisha linalotazama mto.
Jumamosi namsukuma.
Zulia halina huruma; gurudumu linapanda kilima kidogo
ambacho nacho kinatembea, daima hatua moja mbele.
Mara ya kwanza nilifika dirishani natweta.
Bila kugeuka akashusha mkono,
akaliminya tairi la kiti kwa kidole gumba.
"Upepo hamna. Unafanya kazi ya bure."
Siku ile hakuongeza neno.

Nikaleta pampu ya baiskeli.
Nikajaza mpaka mpira ukigongwa kwa ukucha unalia ti, ti.
Tukateleza! Mita sitini zikaisha
kabla sijamaliza kumweleza mchanganyiko mpya wa silika
tulioshusha nao hasara kwa asilimia nne.
Tukautazama mto ulioganda. Tukarudi.
Saa yangu ikasema dakika kumi na moja.

Jumamosi iliyofuata matairi yote mawili yalikuwa laini.
Nikajaza. Iliyofuata, laini tena.
Nikapaka valvu sabuni, nikangoja povu,
hakuna hata kiputo kimoja.
Muuguzi, Sanelma, akasema huku akikunja shuka:
"Ni yeye. Akishanyolewa huomba kalamu, eti ajaze fumbo la gazeti,
kisha ncha anaitia pale kwenye valvu.
Nilidhani mnajua."

Sikumuuliza. Naye hakusema.
Pampu iko kwenye buti la gari, chini ya koleo la theluji.

Nasukuma. Zulia linavuta, mpira unabonyea,
mabega yangu yanalipa.
Dirishani napiga goti kana kwamba nafunga kiatu,
naweka kiganja kwenye tairi.
Baridi. Lazima liwe baridi: kwa mwendo wetu huu
joto lake ni dogo mno,
vyombo vyangu vyote vingeandika sifuri.
Lakini hesabu naijua. Limo.

"Vipi?" anauliza.
"Ananila," namjibu.
Anautazama mto, mweupe, umesimama.
"Mwache ale."